Kahawa bora yapanda lori, mgeni apewa ya kopo

Miji ya Mlima Kenya hulisha Nairobi na kunywesha Ulaya. Mbona msafiri anayeshuka Nyeri, Karatina au Nanyuki haonji kilicho bora?

Saa mbili asubuhi mjini Nyeri, kabla mawingu hayajapanda, Mlima Kenya huonekana wote, vilele vya Batian na Nelion vikiwa vimechongoka juu ya msitu. Baridi ya huku ni ya koti. Mtu aliyepanda matatu ya alfajiri kutoka Nairobi, safari ya kilomita 150 hivi, akishuka anatafuta kitu cha moto.

Katika hoteli moja iliyo hatua chache kutoka steji, mhudumu analeta kahawa iliyoagizwa: kikombe cha maziwa moto, kijiko, na kopo la kahawa ya unga. Mgeni anajikorogea mwenyewe. Chapati ni laini, supu ya mbuzi imeiva, na mhudumu ana heshima zote. Ila kikombe hicho kinasikitisha, kwa kuwa mji wenyewe umezingirwa na mibuni.

Jina la Nyeri huandikwa kwa fahari kwenye pakiti za kahawa ghali Ulaya, Marekani na Asia. Wakaangaji wa huko husifu uchachu wake safi na ladha inayokumbusha zabibu nyeusi. Tetu, Othaya, Mukurwe-ini na Mathira, sehemu zinazoizalisha, zote zinafikika kwa matatu kutoka hoteli hiyo kabla supu haijapoa tumboni.

Wikendi hizi magari yanayopanda kuelekea mlimani ni mengi. Watu wanatoka Nairobi kutafuta hewa, nyama choma na picha. Nao wanaorudi Jumapili jioni wanakuwa wameona mengi na kuonja machache. Jambo hili linaniuma, na si kwa sababu ya kahawa peke yake.

Zao lililokatazwa

Mibuni ya kwanza nchini ilipandwa na wamishonari Wafaransa huko Bura, Taita, mwaka 1893. Walowezi walipoitwaa kazi hiyo, Mwafrika alizuiwa kuipanda. Sababu zilizotolewa zilikuwa magonjwa ya mimea na ubora wa zao. Sababu iliyojulikana na kila mtu ni kwamba mtu mwenye kahawa yake mwenyewe haendi kuchuma ya mlowezi kwa ujira mdogo.

Meru, Embu na Kisii zilianza kuruhusiwa miaka ya 1930. Nyeri ilingoja hadi miaka ya 1950, wakati vita vya Mau Mau vikiwaka na serikali ya kikoloni ikileta Mpango wa Swynnerton wa 1954 wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Aina za SL28 na SL34, zilizotokana na utafiti wa Maabara ya Scott miaka ya 1930, zilikuta hapa udongo mwekundu wa volkano na mwinuko unaozifaa.

Kazi yake si ndogo. Msimu mkuu ni Oktoba hadi Desemba. Matunda mekundu huchumwa kwa mkono na kufikishwa kiwandani siku iyo hiyo. Humenywa kwa maji, huachwa yachachuke, huoshwa, kisha huanikwa kwenye meza ndefu za wavu, na wafanyakazi huyageuza na kuchambua yaliyoharibika. Kilo sita au saba za matunda hutoa kilo moja tu ya buni iliyo tayari kukaangwa.

Mkulima na chama chake cha ushirika wanaijua kila hatua hapo. Baadaye gunia hupelekwa kukobolewa, sampuli zikaenda mnadani Nairobi, na buni ikashuka Mombasa kupanda meli. Kukaanga, kusaga na kumimina kikombeni, ambako pesa nyingi zaidi hupatikana, hufanyika ng'ambo.

> Mkulima anajua kila hatua ya kahawa isipokuwa ile ya mwisho, yenye pesa.

Chai ilirudi nyumbani

Ukiwauliza wenye hoteli kwa nini wanatoa ya kopo, jibu lao ni moja na si la kupuuzwa. Wateja wanataka chai ya maziwa. Mashine ya kahawa ni ghali, mtu wa kuiendesha lazima afunzwe, na kopo likifunguliwa halina hasara.

Upande wa wakulima nao una hoja nzito. Kwao kahawa ni ada ya shule, na mnunuzi wa ng'ambo ndiye aliyelipa. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipaa duniani, na wazee wa Othaya na Mathira bado wanaikumbuka ile neema ya miaka iliyofuata: nyumba za mawe, mabati mapya, watoto sekondari. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kuuza ulipovunjika, bei ikaanguka, na wako waliong'oa mibuni au kuiacha ikamezwa na magugu. Ukimwambia mtu aliyepitia hayo kwamba soko lake liwe hoteli ya pale mjini, atakutazama tu.

Hata hivyo, hoja kwamba watu wa huku ni wa chai hainitoshi. Chai nayo ni zao la kuuzwa nje. Inalimwa papo hapo juu ya ukanda wa kahawa, karibu na msitu, na viwanda vya Chinga, Gathuthi, Gitugi, Iria-ini na Ragati vinaisaga usiku na mchana. Nyingi huuzwa mnadani Mombasa. Lakini tangu miaka ya 1970 majani ya chai yamekuwa yakipakiwa pia kwa ajili ya duka la kijijini, katika vipakiti vya bei ya mtu wa kawaida. Mkulima wa chai anakunywa chai. Mkulima wa kahawa, kwa muda mrefu, hakupewa hata nafasi ya kuonja, na mtu hawezi kupenda asichokionja.

Mfano wa kufanya vingine uko mlangoni pa mji. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya Nyeri, kina shamba lake la kahawa na kituo cha kufundisha teknolojia ya zao hilo, nacho hukaanga na kuuza kahawa kwa jina lake. Vijana wanaopitia hapo hujifunza kuonja, kazi ambayo wazazi wao waliwaachia wageni. Wengi wao ajira watakwenda kuipata Nairobi, kwenye mikahawa ya Westlands na Kilimani, wakiuza buni ya nyumbani kwao kwa bei ambayo mama aliyeichuma hawezi kulipa.

Karatina, ghala la wengine

Siku ya soko Karatina haitaki mtu mwenye haraka. Mikokoteni inapita katikati ya watu, wapagazi wanapiga mluzi, na kina mama wamekaa nyuma ya marundo ya karoti zilizooshwa, kabeji, minji, nduma, ndizi za kupika na majani ya malenge yaliyofungwa mafungu. Nafaka hupimwa kwa gorogoro na debe. Upande mwingine ni mitumba, viatu, kamba za ng'ombe, mbegu. Soko hili husifiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa ya wazi Afrika Mashariki, na ukilizunguka asubuhi nzima huna sababu ya kubisha.

Kufikia alasiri malori yamejaa. Viazi vya Kieni, nyanya, vitunguu na mboga hushuka Nairobi, vingine Mombasa.

Biashara hii ya kulisha wengine ina historia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilijenga Karatina kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya wanajeshi. Wakulima wa Mathira walihimizwa kulima kwa wingi, wakalima. Vita vilipokwisha, kiwanda kikafungwa, na wakulima wakaachwa na mboga ambazo mnunuzi wake mkubwa ameondoka. Wanahistoria huitaja hasira ya miaka hiyo wanapoeleza jinsi Nyeri ilivyofika kwenye Mau Mau.

Sasa jaribu kutafuta chakula cha mchana palepale. Hoteli za barabara kuu zinakuonyesha kwanza chipsi na kuku, vikiwa chini ya taa kwenye kabati la kioo. Mukimo upo, lakini mara nyingi ni wa kuulizia, na katika hoteli kubwa za watalii huwekwa kijiko kimoja ukingoni mwa sinia kama pambo.

Ingia ndani zaidi, kwenye vibanda vya nyuma ya soko, na mambo yanabadilika. Hapo mukimo unapondwa kwa mwiko mkubwa kwenye sufuria: viazi, mahindi mabichi na majani ya malenge, pengine na thabai, mmea wa msituni unaowasha, ambao huupa rangi ya kijani iliyokolea. Unakuja na mchuzi wa nyama ya ng'ombe, au na njahi. Njahi, yale maharage meusi yenye mstari mweupe, ndiyo chakula cha mzazi aliyejifungua na cha sherehe ya mahari, na ikipondwa pamoja na ndizi iliyoiva haihitaji nyama.

Jioni ni zamu ya mutura. Utumbo wa mbuzi au ng'ombe hujazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu, dhania na pilipili, ukachemshwa, kisha ukamaliziwa juu ya makaa hadi ngozi ipasuke. Mchomaji hukata vipande juu ya ubao, chumvi na kachumbari zikiwa pembeni. Wateja hula wamesimama: mwalimu, mtu wa nduthi, karani wa benki, wote bega kwa bega. Sijaona meza ya hoteli Nyeri inayokutanisha watu namna hiyo.

> Mukimo unaoliwa kwa bei kubwa Nairobi, Karatina ni wa kuulizia.

Lakini kibanda hakina maji ya bomba, na mara nyingi hakina choo. Maafisa wa afya wa kaunti wana wajibu wa kweli hapo, maana mgeni akiugua tumbo hataulaumu utumbo wa mbuzi, ataulaumu mji. Tangu Katiba ya 2010, masoko na leseni za biashara ni kazi ya serikali za kaunti. Wachuuzi wanalalamika kwamba wanachokiona zaidi ni kanjo wa kudai ushuru na kufukuza, huku bomba wanaloomba halifiki. Mimi niko upande wa bomba. Kumfukuza mama wa mukimo hakumfanyi mgeni ale salama. Kunamsukuma tu kwenye chipsi.

Kaburi lenye kibao na lisilo na kibao

Vivutio vya Nyeri navyo vimegawanyika vivyo hivyo.

Mtalii anayefika na kitabu cha mwongozo huelekezwa kwanza kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Hapo amelala Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Majivu ya mkewe Olave yalizikwa hapo 1977. Maskauti kutoka kote duniani huja, hasa kila Februari 22, siku yake ya kuzaliwa. Karibu naye yuko Jim Corbett, mwindaji wa simba-marara wa India aliyehamia Kenya, akafa 1955.

Nyumba ya Baden-Powell na mkewe ilikuwa Paxtu, kijumba kilicho ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan. Hoteli hiyo ilijengwa na Eric Sherbrooke Walker na mkewe Bettie miaka ya 1920. Ndio hao waliojenga hoteli ya Treetops mtini mwaka 1932, mahali Binti Mfalme Elizabeth alipokuwa usiku wa Februari 5, 1952, baba yake alipokuwa anakata roho Sandringham, Uingereza. Wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Mei 1954, na iliyofuata ikajengwa upya 1957.

Ukielekea Mathari kuna kanisa la kumbukumbu la Waitaliano, linalohifadhi mabaki ya askari wao waliokufa vitani na vifungoni. Amedeo, mtawala wa Aosta aliyeongoza majeshi yao Ethiopia, amezikwa humo. Ni mahali pa heshima na pametunzwa vizuri.

Lakini Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau na mzaliwa wa Tetu, alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, akashtakiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata, na akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Hadi leo kaburi lake halijatambuliwa. Katikati ya mji kuna mnara wa kuwakumbuka Wagikuyu waliokufa wakipigania uhuru, na Ruring'u kuna uwanja ambako wapiganaji walitoka msituni Desemba 1963 kusalimisha silaha. Mgeni anaweza kupita pote pawili bila mtu wa kumwambia chochote.

Watembeza watalii hujitetea kwamba wageni huuliza kuhusu malkia na skauti, na mtu huuza kinachoulizwa. Naelewa. Lakini mgeni huuliza alichosikia, na anasikia alichoandikiwa na wengine. Sitaki kaburi hata moja lifungwe. Nataka safari inayoanzia Mtakatifu Petro ifike Ruring'u mchana uo huo, ikiongozwa na kijana wa Nyeri anayelipwa ipasavyo, anayeweza kusimulia pia habari za Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekaa msituni miaka yote ya vita, akafa Septemba 2023.

Tena hadithi hizi mbili hukutana mahali pamoja. Oktoba 8, 2004, Wangari Maathai, mzaliwa wa kijiji cha Ihithe na mbunge wa Tetu, alikuwa safarini kuelekea kwao alipopigiwa simu kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Amani. Alisherehekea kwa kupanda mti wa Nandi flame hapo Outspan, akiutazama mlima. Katika uwanja mmoja, basi, kuna nyumba ya mwisho ya Baden-Powell na mti wa binti wa Ihithe. Mtembezaji mwenye kujua kazi yake ana saa nzima ya masimulizi pale bila kusogea mita mia.

Samaki wa mlowezi

Kutoka Nyeri kwenda Nanyuki ni kilomita 60 hivi. Mashamba yanakauka rangi, anga inafunguka, na mlima unakusogelea upande wa kulia. Naro Moru ni mji mdogo wa wapagazi na waongozaji wanaowapandisha watu hadi kilele cha Lenana, mita 4,985. Vijana wa hapa wameiona barafu ikipungua kwa macho yao, na wanaisimulia vizuri kuliko ripoti yoyote niliyosoma.

Mito ya baridi inayotoka mlimani na Nyandarua ina samaki aina ya trauti. Hakuwa wa hapa. Mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Scotland mwaka 1905 na kuyatia katika mto Gura, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua. Wagikuyu wa zamani hawakula samaki, na waliokuja kumpenda wakamkuta analindwa kwa leseni. Leo anafugwa. Kati ya Naro Moru na Nanyuki, huko Burguret, kuna mkahawa uliojengwa juu ya mti wa mugumo, mabwawa ya trauti yakiwa chini yake. Bei ni ya mtalii, lakini familia za Kikenya zimeanza kujaa huko wikendi. Hilo linanifurahisha: samaki wa mlowezi amekuwa wa kila mtu mwenye nauli na akiba kidogo.

Nanyuki yenyewe hujulikana kwa kibao cha ikweta. Vijana humwonyesha mgeni maji yakizunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili. Kisayansi, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni. Mkono unaomimina ndio unaoamua. Afadhali angesimuliwa Felice Benuzzi, mfungwa Mwitaliano aliyetoroka kambi ya Nanyuki na wenzake wawili Januari 1943 ili tu wapande mlima waliokuwa wakiuona kutoka kwenye waya, wakasimika bendera yao Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini.

Barabara pana, mji upitwe?

Mambo haya yamekuwa ya haraka kwa sababu ya barabara. Upanuzi wa Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, umeleta njia mbili kila upande hadi karibu na Nyeri. Safari imekuwa fupi na salama zaidi, na mkulima anafikisha mboga kabla hazijanyauka. Hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni za zamani nyuma ya lori la mchanga.

Lakini foleni ile ndiyo iliyokuwa ikimsimamisha msafiri. Aliyeuza ndizi, maembe ya Makutano au mchele wa pishori wa Mwea dirishani sasa anaona magari yakipita kasi upande wa pili wa ukingo wa saruji. Wafanyabiashara wakubwa wana pesa za kujenga vituo vya kisasa vyenye maegesho, mafuta na mikahawa ya majina ya Nairobi. Mama wa kibanda hana. Asipotengewa nafasi katika vituo hivyo, yenye maji na kodi anayoiweza, biashara ya mapumziko itamtoka mikononi kabisa.

Vyama vya ushirika vya kahawa vina nafasi ya wazi hapa. Kikaango kimoja cha pamoja, kioski Marua, kingine steji ya Nyeri, kahawa ya kuchujwa kwa bei iliyo karibu na ya chai: fungu dogo tu la mavuno litatosha, na mengine yote yaendelee kwenda mnadani. Serikali ya kaunti inaweza kuanza bila gharama kubwa kwa kuagiza kwamba mikutano na semina zake zinywe kahawa iliyolimwa na kukaangwa Nyeri.

Wewe unayepanga kupanda wikendi, nenda Oktoba au Novemba, mavuno yakiwa yamepamba moto, ingawa Novemba ubebe mwavuli. Toka Nairobi kabla ya kumi na moja ili uuone mlima bila mawingu. Ukifika Karatina ingia nyuma ya soko, agiza mukimo kwa njahi. Nyeri omba kahawa iliyochujwa, na wakikosa, mwambie mwenye hoteli mwenyewe kwamba ungelipia zaidi kuipata.